Inchi mbili si milimita hamsini: kulabu ya gari na kichanja cha baiskeli

Mwezi wa 7 uliopita shemeji yangu alipokea kichanja cha baiskeli, kile cha kubebea baiskeli nyuma ya gari, kutoka kwa ndugu yake aliyeko Marekani. Kilifika Lubumbashi ndani ya kontena, kimebanwa katikati ya magodoro na mabegi ya nguo, karatasi zake bado zimening'inia. Kichanja kizuri kweli: cheusi, cha baiskeli nne, chenye ulimi mnene wa chuma cha mraba unaochomekwa nyuma ya gari. Na gari lake, Prado ya miaka mingi, lilikuwa tayari na kulabu, yaani chombo cha kuvutia trela: bomba la mraba chini ya bampa, kazi ya fundi wa kuchomelea wa mtaa wa Kampemba. Kabla ya kununua, yule ndugu alikuwa ameuliza kwa simu: tundu lenu ni la ukubwa gani? Akajibiwa inchi mbili. Fundi mwenyewe ndiye aliyesema.

Siku ya kufunga, ulimi uliingia kiasi cha ukucha, ukagoma. Tukapaka grisi, ukagoma. Kijana wa garaji akainua nyundo, mkubwa wake akamshika mkono. "Papa, hii tukiingiza kwa nguvu haitatoka tena. Mutazikwa nayo."

Kalipa, kile kipimo cha taya kinachosoma milimita, ndiyo iliyotatua ubishi. Inchi moja ni milimita 25.4, kwa hiyo ulimi wa inchi mbili una milimita 50.8. Bomba la fundi lilikatwa kutoka chuma cha 60 kwa 60 chenye unene wa milimita 5: ondoa 5 kila upande, ndani zinabaki 50. Tena mabomba ya aina hiyo yana mshono kwa ndani, ule mstari ulioinuka kwenye ukuta mmoja pale kiwanda kilipounganisha bati, nao ulikuwa umekula sehemu yake. Mtu akisema "inchi mbili" sokoni na mwingine akisikia "hamsini", biashara inakwenda vizuri. Chuma ndicho hakikubali.

Nimeandika makala hii (ya kusoma, si makala yetu ya mkaa inayoingia mjini juu ya kinga, yaani baiskeli, kila alfajiri) kwa sababu tangu siku ile nimeulizwa swali hilohilo mara nyingi: ninunue saizi gani? Swali linaonekana moja, lakini ndani yake yamo matatu. Kitu gani kinaingia kwenye tundu? Tundu hilo linaweza kubeba uzito gani? Na uzito wenyewe unakaa umbali gani nyuma ya gari? Karibu kila mtu huishia kwenye la kwanza, na mimi naona la tatu ndilo linalovunja vyuma.

Magari yetu yanatoka kila kona

Lubumbashi tuna shida ambayo mtu wa mji wa Marekani hana. Kule magari yote yanafuata mtindo mmoja. Kwetu, katika uwanja mmoja wa kanisa Jumapili unakuta gari la Japani lililopitia Dar es Salaam, jingine la Ulaya, la tatu limepanda kutoka Afrika Kusini kupitia mpaka wa Kasumbalesa, na hapohapo pikapu kubwa ya Kimarekani ya mtu wa migodi. Kila moja limekuja na desturi ya kwao ya kuvuta trela, au halina kitu kabisa.

Desturi ya Marekani ni bomba la mraba lililo wazi, ambalo vifaa vinachomekwa na kufungwa kwa pini inayopita ubavuni. Saizi mbili ndizo utakazokutana nazo zaidi. Ndogo ni ya inchi moja na robo, karibu milimita 32, nayo hufungwa chini ya magari madogo. Kubwa ni ya inchi mbili, ya magari ya kifamilia marefu, Prado na wenzake, na pikapu. Zipo pia za inchi mbili na nusu na hata tatu kwa malori madogo ya kazi nzito, lakini hizo kwa baiskeli huwekewa kwanza bomba jembamba la kupunguzia.

Hapa kuna kosa dogo la kupima ambalo nimelishuhudia zaidi ya mara moja. Tundu hupimwa kwa ndani, ukuta hadi ukuta. Mtu akipima nje ya bomba la inchi mbili anapata kama milimita 63 au 64, anarudi nyumbani akiamini ana inchi mbili na nusu, anaagiza ulimi wa saizi hiyo, na ulimi unakuja mnene kama bomba lenyewe.

Ulaya na Afrika Kusini desturi ni nyingine. Kule nyuma ya gari hakuna tundu, kuna tufe la chuma juu ya shingo, lenye kipenyo cha milimita 50. Vichanja vya Ulaya havichomekwi popote: vina taya inayobana lile tufe, unasukuma mpini chini, taya inafunga. Ukiona kichanja chenye taya na gari lako lina bomba la mraba, au kinyume chake, ujue umenunua kiatu cha mguu wa mtu mwingine. Kuna vipande vya kuunganisha, lakini kila kipande kinaongeza urefu, na urefu tutauona chini hapa unafanya nini.

Tufe nalo lina mtego wake. Wamarekani hutengeneza matufe ya inchi moja na 7/8, ambayo ni milimita 47.6, ya inchi mbili, yaani 50.8, na ya inchi mbili na 5/16, karibu 58.7. Kwa macho huwezi kutofautisha 47.6 na 50. Taya iliyosetiwa kwa 50 ikifungwa juu ya 47.6 itafunga, mpini utashuka, utafurahi, halafu kichanja kitaanza kuzunguka polepole ukiwa barabarani, kwa sababu kinachokizuia ni msuguano tu na msuguano umepungua. Matufe mengi yamepigwa chapa ya kipimo juu kabisa ya kichwa. Futa grisi na vumbi jekundu kwa kitambaa, usome.

Magari ya Uingereza yana tabia nyingine tena: tufe limefungwa kwenye bamba la wima kwa boliti mbili za milimita 16 zilizoachana milimita 90. Hilo lina faida, kwa sababu baadhi ya vichanja vina bamba linaloingia katikati, nyuma ya tufe, na kubanwa na boliti zilezile. Havihitaji taya wala tundu.

Na magari ya Japani yaliyotumika, ambayo ndiyo mengi mjini, mara nyingi hayana kitu. Kile kipete kilicho chini ya bampa ni cha kuvutia gari lililokwama au kulifunga lisitembee melini. Usikitundikie baiskeli.

Kuingia si kubeba

Kulabu za Marekani hupangwa kwa madaraja. Daraja la 1 hukubali trela hadi pauni 2,000, kama kilo 907, na daraja la 2 hadi pauni 3,500, karibu kilo 1,590. Yote mawili kwa kawaida yana tundu la inchi moja na robo. Daraja la 3 lina tundu la inchi mbili na linaweza kufika pauni 8,000, zaidi ya kilo 3,600. Juu yake yapo mengine, hayatuhusu.

Mtu akisoma kilo 907 anacheka. Baiskeli nne hazifiki hata kilo 100! Lakini namba hiyo ni ya trela, na trela lina magurudumu yake. Ardhi ndiyo inayolibeba, gari linalikokota tu. Kichanja hakina gurudumu. Namba inayokuhusu wewe ni ya pili, ile ya uzito unaokandamiza kulabu kwa wima, nayo ni ndogo zaidi: kwa daraja la 1 ni pauni 200, ambazo ni kilo 91. Rudia hapo kidogo: pauni, si kilo. Nimeona bamba limeandikwa 200 na mwenye gari akahesabu kilo 200.

Kwenye kulabu za Ulaya namba hiyo imeandikwa kwenye kibamba cha kiwanda kwa herufi S, na mara nyingi ni 50, 75 au 100. Hapo ni kilo. Tuseme S ni 75. Kichanja chenyewe kina kilo 18, zimebaki 57. Baiskeli za kisasa za mlimani zenye kilo 14 zinaingia nne kwa hesabu, ingawa kichanja huenda kimeandikwa mwisho tatu, na kilichoandikwa kwenye kichanja kinashinda. Lakini kinga zetu, zile za chuma za magurudumu ya inchi 28, zinafika karibu kilo 20 kabla hujaongeza kiti cha nyuma kilichotengenezwa kwa nondo. Mbili zinatosha. Ya tatu inazidisha.

Upime kila kitu, hata kama ni kwa mizani ya muuza mahindi. Simama na kinga mkononi, soma, shuka, panda bila kinga, toa.

Umbali

Sasa lile swali la tatu. Shika ndoo ya maji karibu na kifua, halafu nyoosha mkono uishike mbali. Ndoo ni ileile, maji ni yaleyale, lakini bega linalia. Bomba la kulabu ndilo bega.

Chukua kichanja cha baiskeli mbili: kilo 18 chenyewe, na baiskeli mbili za kilo 15, jumla 48. Weka katikati ya uzito huo sentimita 55 nyuma ya mdomo wa tundu. Zidisha 48 kwa 0.55, unapata 26 na kidogo. Sasa kichanja cha nne: kilo 27 na baiskeli 60, jumla 87, na kwa kuwa baiskeli zinapangana kwenda nyuma, katikati ya uzito iko sentimita 80. Hapo unapata karibu 70. Uzito haujafika hata mara mbili, lakini nguvu inayotaka kukunja bomba imepanda zaidi ya mara mbili na nusu. Ndiyo maana vichanja vingi vya baiskeli nne hutengenezwa kwa ulimi wa inchi mbili peke yake, na vingi vya inchi moja na robo huishia mbili. Mwenye gari dogo anadhani ananyimwa, kumbe amehesabiwa.

Ndiyo maana pia sipendi kile kipande cha kubadilisha tundu dogo kuwa kubwa, kinachouzwa kama dawa ya kila kitu. Kinaingia kwenye inchi moja na robo, upande wa pili kina mdomo wa inchi mbili. Sawa, kichanja kikubwa sasa kinaingia. Lakini kipande hicho kimesukuma kila kitu nyuma, tuseme sentimita 20. Zile kilo 48 zetu zilizokuwa sentimita 55 sasa ziko 75, na hesabu inapanda kutoka 26 hadi 36. Kulabu chini ya gari haikubadilika, ni ileile ndogo. Kipande kinyume chake, cha kupunguza inchi mbili kuwa moja na robo, hakina dhambi hiyo: kinazama ndani ya tundu kubwa, kinaongeza mchezo (kulegea) kidogo tu.

Na hayo yote ni gari likiwa limesimama. Barabara ya Likasi ni kilomita 120 na ushei za lami, lakini kutoka nje ya mtaa hadi kuifikia lami kuna matuta na mashimo ambayo mvua za Novemba hadi Aprili hufanya kazi ya kuyapanua. Gari likidondoka kwenye shimo na kuruka, baiskeli zinabaki hewani kidogo kisha zinarudi chini kwa uzito ambao unaweza kuwa mara mbili au zaidi ya ule wa mizani. Watengenezaji wanalijua hili. Baadhi huandika wazi kwenye kijitabu kwamba kwenye barabara mbaya punguza mzigo, na wengine wanakataza kabisa njia zisizo na lami. Mimi nimejiwekea desturi ya kutojaza zaidi ya nusu ya kilichoandikwa nikijua nitapita vumbi. Ukiniona mwoga, sawa.

Fundi akitengeneza mwenyewe

Wengi wetu hatutaagiza kulabu kutoka ng'ambo, tutakwenda kwa fundi. Hakuna ubaya, mafundi wetu wanajenga matrela yanayobeba saruji hadi Kolwezi. Tatizo ni kumwambia "nitengenezee ya inchi mbili" na kuondoka.

Mpelekee ulimi wenyewe. Chuma cha 60 kwa 60 chenye unene wa 4 kinaacha ndani milimita 52, na ulimi wa 50.8 unapita vizuri baada ya mshono wa ndani kusuguliwa kwa tupa. Kile cha unene wa 5, kama cha shemeji, hakipitishi. Lakini 4 ni kuta nyembamba. Mabomba ya kiwandani ya inchi mbili yana ukuta wa kama milimita 6. Kwa hiyo mwambie auvike mdomo pete ya bapa nene kuzunguka nje, kwa sababu mdomo ndio unaobeba pale ulimi unapotaka kuinamia chini. Ukitazama kulabu za kiwandani utaiona pete hiyo, watu wanadhani ni pambo.

Tundu la pini litobolewe mwisho, ulimi ukiwa umo ndani, ili matundu yalingane. Pini ya tundu la inchi mbili ni ya 5/8, karibu milimita 15.9, na boliti ya 16 iliyo na chapa ya 8.8 kichwani (alama ya uimara wa chuma chake) inakaa vizuri. Ya tundu dogo ni nusu inchi, 12.7, na boliti ya 12 inapita. Kipande cha nondo kilichokunjwa ncha hapana. Nondo ni laini, inaliwa taratibu na ukingo wa tundu, na siku ya kukatika haitoi taarifa.

Halafu, kulabu ishikwe na nini? Prado, Hilux na wenzao wana fremu, zile reli mbili ndefu za chuma chini ya gari, na kulabu inafungwa pande zote mbili za fremu kwa boliti na mabamba. RAV4 na magari madogo hayana fremu ya namna hiyo, bodi yenyewe ndiyo mifupa, kwa hiyo zitafutwe zile sehemu zilizoimarishwa kiwandani, mara nyingi zikiwa na matundu tayari yaliyozibwa kwa plastiki. Bampa si mfupa. Kuna wanaochomelea kwenye chuma cha ndani ya bampa kwa kuwa ni rahisi kukifikia. Hicho kimetengenezwa kikunjike gari likigongwa, na kitafanya kazi yake.

Usiogope mchezo mdogo kati ya ulimi na bomba, lakini uushughulikie. Uwazi wa milimita 1.2 ndani ya bomba lenye kina cha sentimita 15 unageuka karibu milimita 8 kwenye baiskeli iliyo mita moja nyuma. Milimita 8 juu na chini, kwa kilomita 120, zinalegeza kila kitu. Vichanja vizuri vina kabari au mpira unaotanuka ndani ya bomba ukikaza skrubu. Kisipokuwa nayo, boliti iliyokazwa kutoka ubavuni inausukuma ulimi ukae upande mmoja. Kipande cha ndara za zamani kilichochomekwa ndani nimekiona, na kwa aibu nimekitumia. Kilifika Kipushi, hakikurudi.

Mambo mengine ni ya haraka. Gari lenye tairi la akiba mlangoni, kama Prado hii, linahitaji ulimi mrefu kuliko kawaida ili baiskeli zisigonge tairi, na huo tena ni umbali. Tazama kichanja kikiinamishwa kama mlango utafunguka. Tazama pia gari likiingia kwenye mtaro au likipanda kizingiti cha geti: mkia umekuwa mrefu na uko chini, utakwaruza mahali ambapo hujawahi kukwaruza. Plaketi (bamba la namba ya gari) na taa zikifichwa na magurudumu, vichanja vya Ulaya vina bodi yao ya taa yenye plagi ya pini 13 au 7, na plagi hizo haziingiliani na za Kimarekani zenye pini 4 bapa. Fundi wa umeme ataunganisha waya, lakini jaribu breki na indiketa kabla ya kutoka uani, maana zikibadilishana unaonyesha kushoto ukiwa unakwenda kulia.

Kichanja cha shemeji hatimaye kilipata bomba jipya, 60 kwa 60 kwa 4, lenye pete mdomoni. Kibandiko cha kiwandani kinasema baiskeli nne. Mkewe amebandika karatasi juu yake, ameandika mbili kwa kalamu nyekundu.